Fimbo Tano Mbichi

Watu wengine wakifungua mkutano huuliza nani amefika. Afisa aliuliza, "Nani hayuko?" Aliuliza akiwa amesimama, miwani imemshukia nchani mwa pua, filimbi inaning'inia shingoni, na hakuna aliyekaa kabla ya jibu kupatikana. Siku ya kwanza tulidhani anatafuta watoro, kwa kuwa alikuja kwetu baada ya kustaafu unaibu wa mwalimu mkuu, na mtu wa kazi ile haamini kwamba kiti kinaweza kuwa kitupu kwa sababu njema. Kumbe watoro hakuwa na haja nao. Aliwatafuta wale ambao hawakualikwa.

"Tunajadili mambo ya mavuno," alimwambia Mwenyekiti, "na hapa ndani sioni mtu hata mmoja amevuna ndengu hii msimu. Nani hayuko?"

"Wakulima wako shamba, Afisa," Mwenyekiti akajibu. "Si wanavuna."

"Sawa. Tutawangoja."

Akakaa, akafungua gazeti. Mkutano ule tuliufanya siku nne baadaye, ghalani, na wakulima waliokuja walikuwa na vumbi la maganda hadi kwenye kope.

Mimi nilikuwa karani wa ushirika, mwandishi wa kumbukumbu. Ushirika wetu ulikuwa wa wakulima wa ndengu, ambazo wengine huziita choroko, ofisi na ghala kuu mjini Kitui, ghala dogo Kyuso na jingine Kasikeu upande wa Makueni. Kumbukumbu za mikutano ya watu wote duniani zina mafungu mawili mwanzoni: waliohudhuria na waliotoa udhuru. Zetu zilikuwa na la tatu, na aliniamuru nilipigie mstari: "Wasiokuwepo, na hatukuwakosa." Fungu hilo lilikua kila mwezi. Aliingia humo mlinzi wa lango. Wakaingia wake wa wanakamati, ambao ndio waliolima mashamba yaliyowapa waume zao uanakamati. Akaingia mpima mizani wa Kyuso, bubu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiletewa maamuzi kwa kuonyeshwa kidole. Mwishowe orodha ya wasiokuwepo ilimaliza ukurasa mzima, na Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama ningeweza kupunguza maandishi.

Alipataje kazi? Kwa makosa. Wafadhili walitutaka tuwe na afisa wa usawa na ujumuishaji, na wakubwa wetu wakakaa wakafikiri ni nani mjini mwenye cheti cha maana, umri wa kusinzia na mkono wa kutia sahihi. Wakamwona huyu mzee wa shule, amestaafu, mpole kanisani, anaimba besi. Hawakuwahi kumwona gwarideni. Alikuwa mtu ambaye, akiamini jambo, alilitekeleza kama zamu ya kufagia mabweni, na safari hii jambo aliloamini lilikuwa kwamba kila mtu lazima ajumuishwe. "Mtajumuishwa," alituambia wiki ya kwanza, "mpende msipende."

Sijui alizaliwa wapi hasa wala baba yake alikuwa nani. Najua alivyokunywa chai, bila sukari na kwa kelele.

Nilikuwa wa kwanza kujumuishwa. Aliniita ofisini kwake, fomu mezani, kalamu nyekundu mkononi.

"Karani, wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo, Afisa."

"Mwislamu?"

"Ndiyo." Watu wetu wako Kitui tangu babu yangu alipopanda kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, na nadhani pale sokoni hakuna asiyetujua.

"Na mguu?"

"Huo unauona mwenyewe." Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo, na tangu nikiwa darasa la pili natembea na fimbo.

Aliandika, akaandika tena, akaandika mara ya tatu. Alipoinua uso alikuwa anang'aa kwa furaha ya kweli. "Karani," alisema, "wewe peke yako unanijazia safu tatu."

Tangu siku ile sikupumua. Nilitiwa katika kamati ya wanawake, ya dini, ya walemavu, ya usalama, ya chakula, na hata ya vijana, ingawa mwanangu wa kwanza alikuwa ameshamaliza shule. Zote zilikuwa kumi na moja. Picha ikipigwa, nasikia filimbi, halafu sauti: "Karani, sogea mbele, fimbo ionekane." Kuna taarifa moja ya mwaka ambayo nimetokea mara saba. Mtu asiyetujua angedhani ushirika una wanawake saba wa Kiislamu wanaochechemea, wote pacha.

Nilimkasirikia, sitaficha. Lakini kumkasirikia Afisa moja kwa moja hadi mwisho ilikuwa kazi ngumu, maana kila ukishajaza hasira vizuri anafanya jambo la kuimwaga.

Chukua habari ya mteremko. Ghala lilikuwa na ngazi saba, na alipoona ninavyozipanda aliagiza mteremko wa saruji ujengwe kando. Haukupimwa na fundi. Aliupima yeye kwa hatua zake, na yeye ana miguu mirefu. Ulipokauka, wapagazi waliupenda kupita kiasi, kwa sababu gunia likiachiliwa juu linafika kwenye lori bila msaada wa mtu. Mimi niliupanda mara moja. Kushuka sikushuka kwa hiari. Nilipofika chini nimekaa, nikiwa bado nimeshika shajara yangu, Afisa alikuwa pale pale, ameduwaa. Hakusema pole halafu akaenda zake kama wakubwa wengine. Alikwenda hospitalini akaazima kiti cha magurudumu, akakikalia mwenyewe, na mbele ya wapagazi, madereva na wakulima waliokuwa wamepanga foleni akajaribu kuupanda ule mteremko. Kila aliyekuja kumsukuma alipigiwa filimbi. Alirudi nyuma mara nne. Mara ya tano alipinduka. Akasimama, akajipangusa, akatangaza kwa sauti ya gwaride, "Mimi nimekosea. Bomoeni." Ule wa pili ulikuwa mrefu kama barabara, na mzuri, na mpaka leo upo.

Au chukua habari ya punje. Aliona kwamba mikutanoni watu wanne ndio wanaosema na wengine wanakohoa tu. Basi kila anayeingia akawa anampa punje kumi za ndengu. Ukisema neno, unatoa punje moja, unaweka bakulini. Zikiisha, unyamaze. Mwenyekiti zake zilikuwa zinaisha kabla ya maombi ya kufungua. Alianza kuazima kwa majirani, akawa anaazimwa kwa masharti, na siku moja nilimwona anatoa punje mfukoni, ambazo Afisa alizichunguza kwenye mwanga na kusema hizi si za msimu huu. Lakini kulikuwa na mwakilishi wa wanawake wa Kyuso, mama mnene mtulivu ambaye tulizoea kuandika jina lake na kumsahau. Siku hiyo alikaa asubuhi nzima bila kutoa hata punje moja. Saa sita, wote wakiwa wamefilisika, akazimwaga zake zote kumi mezani.

"Hizi zote ni zangu," alisema. "Sasa mtanisikiza."

Alisema kwa nusu saa. Alisema ghala la Kyuso hufunguliwa saa ile ile wanawake wameenda kuchota maji, na kufungwa wakirudi, kwa hiyo ndengu zao zinauzwa kwa madalali barabarani, na amekuwa akijaribu kutuambia hivyo tangu msimu wa juzi. Hakuna aliyeweza kumkatiza. Wiki iliyofuata saa zilibadilishwa. Afisa mwenyewe, niseme ukweli, hakuwa na punje kumi. Alikuwa na mkebe mzima kwenye meza yake. Nilipomuuliza akasema, "Hizi ni za kazi."

Ndivyo alivyokuwa. Kiti chake hakuna mwingine aliyekikalia, hata akiwa likizo. Alihubiri kwamba wanaume waingie jikoni, na mkewe alipokuja kwenye sherehe yetu moja akatuambia, mbele yake, kwamba mumewe hajui majani ya chai yanakaa wapi. Ramadhani ya kwanza alipogundua kwamba nafunga, alifuta chai ya saa nne ofisi nzima. Watu wa ofisi yetu, karibu wote wa makanisa na wote wa chai, walianza kunitazama kama mimi ndiye niliyefunga bomba la mji. Siku ya pili nikaenda kwake.

"Afisa, wape watu chai yao. Ninayefunga ni mimi."

"Hutaumia ukiwaona wanakunywa?"

"Nitaumia zaidi wakinichukia hadi Idi."

Alifikiri sana. Chai ikarudi saa nne na nusu, na yeye akahamia kunywa nyuma ya ofisi, amesimama juani, akidhani simwoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi sikutaka kamati, wala sikutaka picha. Nilitaka funguo za ghala. Baba yangu aliuza nafaka sokoni Kitui maisha yake yote, na nilikua nikilala juu ya magunia. Nikiuma punje ya ndengu najua kama ina unyevu wa kuoza baada ya mwezi. Nikitia mkono gunia najua kama fukusi wameshaingia, hata kabla ya vumbi lao kuonekana. Kila saa ya chakula nilikuwa nashuka ghalani kusaidia, na msimamizi wa zamani alikuwa ananiuliza kabla ya kupokea mzigo wowote wa mashaka. Alipostaafu, nafasi ikatangazwa, nami nikaomba. Tuliobaki kwenye orodha tulikuwa sita.

Mji mzima ulijua nitaipata. Hicho ndicho kilichonikosesha raha. "Wewe unangoja nini? Si uko na Afisa," watu waliniambia, na walisema kwa wema. Nilijua nikipewa hivyo, kila gunia litakaloharibika litakuwa safu zangu tatu, na kila litakalopona litakuwa bahati. Nikaenda nikamwambia waziwazi. "Sitaki unisaidie. Nataka nishinde au nishindwe."

Alivua miwani. "Umesema vizuri," alisema. "Hawatajua wewe ni nani. Hata mimi sitajua."

Akaanza kupanga, na akipanga hakuna wa kumzuia. Wasaili walikuwa wanne: Mwenyekiti, Meneja, yule mama wa Kyuso na Afisa mwenyewe. Alitundika turubai la lori katikati ya ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Wasaili wangekaa upande mmoja, na upande wa pili ungekuwa na meza moja. Kila mwombaji angekuwa na namba, angeingia peke yake, angeandika majibu kwa herufi kubwa, ili mwandiko usitambulike, bila kutoa sauti, halafu angepewa bakuli sita za ndengu na kuandika ipi kavu, ipi mbichi, ipi ina wadudu. Hakuna jina, wala sura, wala sauti. Alifurahi kama mtu aliyegundua dawa.

Siku moja kabla, akafanya mazoezi. Yeye alikaa upande wa wasaili, sisi sita tukaambiwa tuingie mmoja mmoja hadi mezani na kutoka. Sakafu ya ukumbi ni saruji tupu. Wa kwanza aliingia, kimya. Wa pili kimya. Wa tatu, wa nne, kimya. Nikaingia mimi. Ko, ko, ko, ko.

Nilipofika mezani nilisikia kiti cha Afisa kikivutwa taratibu.

"Karani," alisema kutoka ng'ambo ya turubai.

"Naam."

"Endelea tu. Nitafikiria."

Kesho yake alirudi kutoka nyumbani kwake Kasikeu, alikokwenda kulala, na fimbo tano begani. Alikuwa amezikata uani kwake alfajiri ile, mbichi, nyingine bado na majani. Akampa kila mwombaji moja, isipokuwa mimi niliyekuwa na yangu. Msaidizi wa ghala la Kyuso, mwanamume wa miraba minne anayebeba gunia kwa mkono mmoja, aliitazama yake pande zote.

"Afisa, lakini mimi miguu yangu iko sawa."

"Leo haiko sawa," Afisa akamwambia. "Ingia."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikawatazama wenzangu watano wakifanya mazoezi ya kutembea kama mimi. Nilikuwa namba tano. Mmoja alijikwaa kwa fimbo yake mwenyewe. Mwingine, mwalimu wa chekechea wa zamani, aliipenda na kuanza kutembea kama mzee wa baraza. Yule wa Kyuso, namba tatu, alijitahidi kuliko wote. Aliutupa mguu nje, akauvuta, akauma na mdomo kabisa. Maisha yangu yote nimekimbia watoto wanaoniiga njiani, na sasa watu wazima wananiiga kwa amri ya ofisi, kwa faida yangu. Tena fimbo zote zilikuwa ndefu mno, zinawafika kifuani. Fimbo ya kutembelea inatakiwa iishie kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umeteremka. Nyumbani nilikuwa na fundi wa viatu hatua ishirini kutoka mlangoni, ambaye angenibandikia kipande cha raba kwenye ncha ya fimbo yangu na isingelia hata kidogo. Afisa hakuniuliza. Nami, kwa hasira, sikumwambia.

Kutoka ndani, namba tatu alipokuwa akiingia, sauti ya Mwenyekiti ilisikika wazi, "Afisa, kwani hawa watu wote waliumia wapi?"

Ikafuata filimbi.

Matokeo yalisomwa jioni kwa namba. Namba tano. Yule mama wa Kyuso alikuja kunipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili. Nilipokea funguo kwa Mwenyekiti, na nilipogeuka kumtazama Afisa alikuwa anakunja turubai, amenipa mgongo.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi kama siku mbili. Halafu nikakumbuka jambo ambalo mtu wa fimbo tu ndiye angelikumbuka. Fimbo mbichi hailii kama kavu. Mbichi inagonga chini kwa uzito, du, du. Yangu ilikuwa mkwaju wa zamani, umekauka miaka, na unalia ko. Mtu yeyote mwenye masikio mle ndani angesikia du, du, du, du kutoka kwa watu watano, na ko kutoka kwa mmoja. Basi walijua. Turubai lote lile, na fimbo zote zile, na walijua.

Nilikaa na jambo hilo miaka sita. Ghala lilikwenda vizuri, na sioni haya kusema hivyo, kwani hatukupoteza gunia hata moja kwa fukusi. Lakini watu waliniita Mama Turubai, kwa utani, na nikicheka nao nilikuwa nacheka kwa meno tu. Nikimkatalia mkulima mzigo mbichi, nilisikia nyuma yangu, "Huyo ni wa Afisa." Kila mara moyo ulijibu kwamba labda ni kweli. Afisa mwenyewe alistaafu mwaka uliofuata, mara ya pili, akarudi Kasikeu, na sikwenda kumuaga. Nilituma salamu.

Juzi, baada ya mvua za vuli, nilikuwa Kasikeu kukagua ghala letu dogo, nikaambiwa mzee alianguka miezi kadhaa iliyopita. Alikuwa akiwaonyesha mafundi jinsi ngazi za kanisa zilivyo mbaya kwa wazee, akateleza kwenye ngazi hizo hizo na kuvunja nyonga. Kanisa limejenga mteremko tangu hapo. Nikasema nitapita.

Nilimkuta kibarazani, kwenye kiti chake, maana alikuwa amekileta kutoka ofisini. Amekonda. Filimbi haikuwepo shingoni, ilikuwa imetundikwa msumarini karibu na kalenda. Fimbo ilikuwa imeegemea ukutani.

"Karani," alisema, ingawa ukarani niliuacha miaka sita iliyopita. "Karibu kiti. Mama yuko ndani, anakunja nguo. Chai nitaleta mimi." Mkewe akanisalimu kutoka dirisha la chumbani.

Nilidhani anatania. Akasimama kwa tabu, akaenda jikoni akijivuta, fimbo ikigonga kwa mbali kati ya hatua na hatua, bega moja limepanda hadi sikioni. Akarudi na kikombe kimoja, akaenda tena kuleta cha pili. Chai ilikuwa mbaya sana. Majani alikuwa ameshajua yanakaa wapi, lakini kiasi bado.

Tuliongea habari za mvua na za watu. Halafu nikaona nikiondoka bila kuuliza sitauliza tena.

"Afisa, siku ile ya turubai. Mlijua ni mimi?"

Hakujifanya haelewi. Aliweka kikombe chini.

"Mimi nilijua," alisema. "Hata hujafika meza. Fimbo mbichi hailii vile."

Miaka sita nilikuwa sahihi, na sikutaka kuwa sahihi. Nikashika fimbo yangu niinuke.

"Kaa. Sijamaliza," alisema kwa ile sauti ya darasani, nami nikakaa. Akaninyooshea kidole kabati dogo la vitabu, nikamletea faili ya kijani. Mwalimu hatupi karatasi za alama. Alipekua, akatoa moja, akanipa.

Ilikuwa karatasi ya siku ile, safu nne za wasaili, namba moja hadi sita. Safu yake ilikuwa kwa kalamu nyekundu. Nikatafuta namba tano.

"Nne?" nilisema. "Nne juu ya kumi?"

"Niliogopa," alisema. "Nikijua ni wewe, ningekupendelea. Nilikupenda kama mtoto wangu, Karani, na ile kazi niliitaka iwe yako kuliko vile wewe uliitaka. Kwa hivyo nilikukata. Nilikukata sana. Usiku wake nikaona nimekudhulumu."

"Swali la fukusi nililijibu sawasawa. Hapa umenipa sifuri."

"Ulijibu sawa kabisa."

"Na hapa Meneja amenipa tatu."

Hapo akaanza kucheka, akishika nyonga. "Meneja alisema yeye amekutambua. Alininong'onezea: namba tatu ndiye karani, sikia vile anaburuta mguu, wafadhili watafurahi. Akampa yule jamaa wa Kyuso kumi. Ndiyo nakwambia, wewe alikukata akidhani unashindana na wewe."

Nikatazama. Kweli, namba tatu alikuwa na kumi ya Meneja. Mwenyekiti, ambaye muda wote alikuwa akijizuia asicheke na hakusikia fimbo ya mtu, alisahihisha vizuri kuliko wote, akanipa nane. Mama wa Kyuso tisa. Na mwisho wa karatasi kulikuwa na alama za bakuli za ndengu, ambazo hazina upendeleo: namba tatu alipata mbili, mimi nilipata zote sita.

"Hakuna mtu alikubeba," Afisa alisema. "Wawili tulikuwa tunakuvuta chini, na ukapita."

Nililia kidogo. Halafu nikamkasirikia tena, kwa sababu angeweza kuniambia. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na ya fundi viatu, na kipande cha raba, na kwamba turubai lilihitaji raba ya ukubwa wa kifuniko cha soda, si fimbo tano na watu wazima kuchechemea.

Aliitazama ncha ya fimbo yangu. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Akachukua kalamu yake nyekundu, akaigeuza ile karatasi ya alama, akaandika nyuma yake, akanipa nisome kama nilivyokuwa nikisoma kumbukumbu. *Wasiokuwepo, na hatukuwakosa: Karani, siku ya kukata fimbo.* Akatia sahihi, na nikakunja karatasi nikaitia mkobani. Ninayo.

"Leta msumeno," nikamwambia.

"Wa nini?"

"Fimbo yako ni ndefu. Ndiyo maana bega limepanda. Simama wima, teremsha mkono."

Alisimama, akateremsha mkono, mtiifu kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilipima kwenye kifundo, nikatia alama kwa kalamu yake. Msumeno ulikuwa chini ya benchi la kibaraza. Mti ulikuwa umekauka vizuri, na ulikatika bila kuchanika. Nikamrudishia.

Akaijaribu. Bega lilishuka. Akaenda hatua mbili, akanitazama, akaenda nyingine, sasa akiikanyagia fimbo uzito wake wote.

"Nikuongeze chai," alisema.

Sikuitaka, lakini nilimwacha. Akashika njia ya jikoni akipita dirisha la chumbani, kwenye saruji, ko, ko, ko, ko, taratibu na sawasawa. Kutoka ndani sauti ya mkewe ikasema, "Karani, kwani unaenda tayari? Ngoja basi nikufungie machungwa ya watoto."

Afisa akasimama palepale. Akageuka akanitazama. Nilikuwa bado nimekaa, kikombe mkononi.